Mzigo Usio na Kamba

Siku walipomzika mtoto wangu Nsimire, mimi nilikuwa nimeketi kando ya barabara, juu ya kiti cha mbao cha mtu nisiyemjua, nikila mahindi ya kuchoma. Nilikula mawili. Ninaanza na hilo kwa sababu lilinikaa moyoni kuliko ugonjwa wenyewe, na nikilificha, haya mengine hayatamsaidia mtu.

Mimi si mtu wa kalamu. Nilisoma miaka sita kwa masista, nikaolewa, ikaisha. Lakini kwenye benchi za dispansari nimekaa na wanawake wengi wenye mwili kama ule niliokuwa nao na sukari kama yangu, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake anayeona haya kutembea. Ninawaandikia hao. Mambo ya daktari mmuulize daktari. Mimi nitasema ya miguu.

Nilipoingia Kadutu, mtaa wa Bukavu, kama bibi arusi nilikuwa kama bua la mtama. Mume wangu, Papa Nsimire, alikuwa karani kwenye depo moja ya serikali, na mshahara siku zile ulikuwa bado mshahara. Kwetu mke akinona, sifa ni za mume. Akileta nyama alinikatia mimi kwanza, mbele ya dada zake, nao walipiga vigelegele. Baada ya mtoto wa nne wanawake wa kanisa waliniita Maman Kilo, nami nilicheka pamoja nao, maana lilikuwa jina la heshima. Nikiingia mahali, viti vililetwa. Jumamosi ya salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, mkubwa wa mtaa, aliyetuita sote citoyen na citoyenne, yaani wananchi, alinirudisha nyumbani.

"Citoyenne Kilo, wewe rudia," alisema. "Ukiingia mu mutaro, nani atakutosha inje?"

Watu wote walicheka. Nilirudi nyumbani nimefurahi.

Wembamba hawajui. Wanadhani mnene anatembea kama wao, ila polepole. Sivyo. Ni kazi nyingine kabisa. Kwanza ni mapaja: yanasuguana, ngozi inachubuka, na jasho likifika pale ni pilipili. Kisha tumbo linavuta mgongo mbele, na mgongo unakataa, na wewe uko katikati yao kama mtu anayeamua ugomvi. Ukikanyaga, mguu unapanuka ndani ya kiatu hadi kiatu kinakatika upande mmoja. Pumzi nayo ni ndogo. Mtu akikusalimia njiani unataka kuitika, lakini hewa uliyo nayo inatosha hatua mbili tu, basi unachagua hatua. Watu husema una majivuno.

Kwa hiyo sikutembea. Sokoni niliwatuma watoto. Nilisema ni uzazi, nilisema ni magoti, nilisema ni mvua.

Nsimire ndiye aliyekuwa kifungua mimba wangu. Aliolewa na mwalimu aitwaye Byamungu, mtu wa milima ya upande wa Walungu. Gari linaishia kwenye soko dogo la barabarani. Kutoka pale ni njia ya miguu, kupanda tu, saa mbili kwa mtu mwenye afya. Mimi sikuwahi kufika kwake. Yeye ndiye aliyeshuka Bukavu kunisalimia, na kila mara aliuliza.

"Maman, utakuja siku gani kuona nyumba yangu?"

"Kiangazi, mwanangu. Njia ikikauka."

Viangazi vitatu vilikauka, vikapita.

Alijifungua msichana kule kilimani, na damu haikukoma. Walimshusha kwa kipoyi, ile machela ya mianzi ya kubebea wagonjwa, wakapata gari, wakamleta hospitali mjini. Alinitambua. Aliomba maji. Kesho yake asubuhi akafa. Kitoto kilikuwa kimebaki kule juu kwa Mama Byamungu, mama wa mume wake.

Mke wa watu huzikwa kwa watu. Tulimpandisha kwenye kamioneti, gari dogo la mizigo, tukaenda naye. Ulikuwa mwezi wa mahindi mabichi, mvua kila mchana. Pale sokoni watu wa kilima walikuwa wakingoja. Walilitwika jeneza mabegani wakaondoka mbio, maana wingu lilikuwa limekwisha kuukalia mlima. Mimi nilifuata nyuma na Papa Nsimire. Kando ya njia ile kuna mikaratusi. Nilifika kwenye mkaratusi wa tatu. Ninajua ni wa tatu kwa sababu nilishika kila mmoja. Kwenye wa tatu niliteleza, nikakaa kwenye matope, na sikuweza kusimama hadi aliponivuta kwa mikono miwili. Wenye jeneza walikuwa wamekwisha kupotea kwenye kona ya mlima.

"Niite vijana bakubebe?" aliuliza.

"Batacheka."

"Nani anaweza kucheka siku ya kilio?"

"Batacheka, Papa Nsimire. Wewe enda. Mutoto asikae mu mvua sababu ya mi."

Ningeweza kubebwa. Kipoyi kilikuwepo, vijana walikuwepo. Nilikataa kwa haya, na hili pia liandikwe.

Nilishuka hadi barabarani nikishikilia miti ile mitatu. Mwanamke mmoja aliyekuwa anachoma mahindi aliona matope kwenye kikwembe changu, kitenge nilichojifunga, akanipa kiti. Akanipa hindi. Njaa yangu siku zile ilikuwa njaa ya ugonjwa, ile isiyoshiba, lakini sikuijua kwa jina. Nilijiona tu mama anayekula. Upepo uliposhuka nilisikia nyimbo za kule juu, kisha mvua ikazifunika. Hindi lilipokwisha akanipa la pili, nikalipokea.

Kwetu kila mtu wa karibu hutupa udongo wake kaburini kwa mkono wake, na mama hutangulia. Papa Nsimire aliposhuka, udongo ulikuwa umemkauka kwenye vidole. Alinawa mikono mtaroni, amenipa mgongo. Tulipanda gari, tukarudi Bukavu.

Nyumbani nilikalishwa kwenye mkeka kama ilivyo desturi, na wanawake walileta vyungu. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, visamaki vya sambaza vya kukaanga. "Kula, Maman Kilo, usimufuate mutoto." Nilikula. Niliketi siku nyingi, nikilia na kula, hadi kukojoa kukawa ndiyo kazi yangu. Nilikunywa ndoo ya maji nikabaki na kiu. Nyuma ya choo sisimizi walianza kupanga mstari kuja pale nilipomwaga, na mama mmoja mzee wa jirani aliwatazama, akatikisa kichwa, akaenda zake. Siku ya Pasaka nilianguka kanisani. Waliponiinua walikuwa wanaume sita.

Hapo ndipo nilipoanza kuijua benchi ya dispansari. Unafika alfajiri, unakaa. Kila mmoja ana chupa yake ya mkojo amefunika kwa kitambaa, kana kwamba wenzake hawajui kuna nini. Mfermo wetu, muuguzi wa pale, mwanamume mkavu mwenye abakosi, lile koti la kuvaliwa bila tai, lililochakaa viwiko, alikuwa na maji ya bluu kwenye bomba la kioo. Anatia matone ya mkojo wako, anachemsha juu ya taa ya spiriti, na rangi inageuka. Bluu, huna sukari. Majani, unayo kidogo. Chungwa, nyingi. Tangu siku ile ninahesabu miezi kwa rangi zile.

"Citoyenne, unaona hii?" aliniuliza. "Ya kwako iko tofali. Tofali ya kujenga nyumba."

"Sasa nitakufa?"

"Kama unakaa vile, ndiyo." Hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. "Vidonge iko nusu ya dawa. Nusu ingine iko mu miguu yako. Utembee kila asubuhi, mupaka jasho itoke."

"Niende wapi?"

"Hakuna mahali. Unatembea tu, unarudia nyumbani."

"Bila kitu mu mikono?"

"Bila kitu."

Nilidhani ananichezea. Kwetu mwanamke anatembea kwenda shambani, sokoni, kanisani, kwenye kilio. Anayetembea mikono mitupu, bila mahali anakokwenda, huyo amefukuzwa na mume au akili zimemwacha. Nami nilikuwa mwenye kilio, wa kukaa chini.

Basi nikachukua kitunga, kikapu changu cha sokoni. Nilikifunika kwa kitambaa, ndani hamna kitu, nikakishika mkononi kama mtu anayekwenda Nyawera sokoni. Siku ya kwanza nilifika kwenye bomba la maji la mtaa, nyumba kumi na mbili kutoka kwangu. Nilikaa juu ya jiwe. Nilirudi. Mapaja yalikuwa yametoka damu. Jioni nilikata suruali kuukuu ya Papa Nsimire nikashona kaptula ya kuvaa chini ya kikwembe, nikapaka mawese pale palipochubuka. Hii ndiyo dawa ya kwanza ninayowapa, na hakuna mfermo aliyenifundisha: funikeni mapaja kabla ya kuanza. Wengi wanaacha siku ya pili kwa ajili ya mapaja tu, wanasema ni moyo.

Majirani waliona kitunga.

"Maman Kilo, unaenda soko? Uniletee chumvi!"

"Na mi, sabuni moja!"

Sikuwa nimefika Nyawera hata siku moja. Niliwajibu soko lilikuwa baya, chumvi hakuna. Wakaanza kusema Nyawera imekwisha, nchi imeharibika, hata chumvi haionekani. Uongo wangu uliuzunguka mtaa mzima, ukanirudia kama habari.

Aliyenikamata ni Mama Cibalonza. Huyu alikuwa mbebaji: anapandisha magunia ya makaa na unga kutoka Nyawera hadi Kadutu, mzigo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Mfupa mtupu, na kwenye paji ana mfereji uliochimbwa na kamba. Asubuhi moja alinikuta nimeegemea ukuta, nimefumba macho. Alisimama na gunia lake mgongoni, akainua kitambaa cha kitunga kwa kidole kimoja.

"Kumbe hamuna kitu," alisema.

"Mufermo aliniambia nitembee. Iko ugonjwa."

"Na hii kitunga iko ya nini?"

"Ya macho ya batu."

Alicheka hadi gunia likatikisika. Kisha akanitazama kutoka juu hadi chini, bila dharau, kama mtu wa kazi anavyotazama kazi ya mwenzake.

"Wewe uko mubebaji kama mi," alisema. "Lakini mi nikifika, ninashusha. Wewe unashushaka wapi?"

Nililia pale ukutani. Yeye alingoja huku gunia liko mgongoni, na hilo sitalisahau, maana mbebaji hangoji mtu na mzigo.

Ndiye aliyenifundisha kupanda. Hatua fupi, kisigino chini. Usiukate mlima moja kwa moja, uzunguke kwa pembeni kama ng'ombe. Usitazame juu. Ukichoka simama, usikae, maana ukikaa mwili unasahau. "Usipigane na mulima," aliniambia. "Mulima haichokake." Asubuhi nyingi tulipanda pamoja, yeye na gunia, mimi na langu. Nilitembea hadi makutano, kisha hadi shule, kisha, mvua zilipokaribia kukoma, hadi Nyawera yenyewe. Nilinunua chumvi. Niliwanunulia majirani wote.

Kwenye kioo cha mfermo, tofali likawa chungwa.

Kiangazi mwili ulianza kushuka. Msidhani ni furaha. Mashavu yalikwenda kwanza, kisha shingo ikaning'inia. Tumbo lilikunjika kama gunia lililomwagwa nusu, na chini ya mikunjo ngozi ilinuka nisipoikausha. Usoni nilizeeka miaka kumi kwa miezi mitatu. Hakuna aliyepiga vigelegele. Wanawake wa kanisa walinisogelea baada ya misa, wakanishika mkono, wakaniuliza kwa sauti ndogo, "Maman, uko na shida gani nyumbani?"

Papa Nsimire alivumilia, kisha akashindwa. Aliingia jioni moja na nyama imefungwa kwenye majani ya migomba, akaitupa mezani.

"Unajua banasema nini mu depo? Eti ninanyima bibi yangu chakula. Bengine banasema uko na ule ugonjwa mubaya. Eti nitakufuata."

"Na wewe unabajibu nini?"

"Ninabajibu kwa kununua nyama! Kula."

"Papa Nsimire, mufermo alisema..."

"Mufermo hakukuoa. Mi njo nilikuoa. Nilikutosha kwa baba yako uko mufupa, nikakufanya mutu. Sasa unabomoa."

Niliona kwamba hakuwa na hasira, alikuwa na hofu. Mwili wangu ulikuwa kazi yake ya maisha, na Nsimire alikuwa amekwisha kufa. Nilikula nyama yote, na mafuta yake, mbele yake. Nilikula juma zima, na sikutoka. Kwenye kioo, tofali likarudi.

Nilipoanza tena nilikuwa na pupa, na pupa iliniponza. Ndala zangu zilikuwa za mpira wa gurudumu, zile za kupigiliwa misumari. Sikujua kwamba sukari ilikuwa imekwisha kula hisia za nyayo. Nilitembea asubuhi nzima, nikarudi, nikapika. Papa Nsimire ndiye aliyeona.

"Nani amemwaga mawese chini?"

Tulitazama. Hayakuwa mawese. Ilikuwa damu, unyayo baada ya unyayo, kutoka mlangoni hadi jikoni. Msumari ulikuwa umetokeza ndani ya ndala na kuingia chini ya kidole kidogo, nami nilikuwa nimeukanyaga Nyawera na kurudi bila kuusikia. Alinikalisha, akashika mguu, akaupapasa msumari kwa kidole chake. Kisha akaweka paji la uso juu ya goti langu, mtu mzima yule, na sikusikia sauti, niliona mabega tu.

Kidonda kilikula kiangazi chote kilichobaki. Benchi, bandeji, benchi. Harufu yangu mwenyewe iliwafanya wenzangu wasogee. Kidole kilikuwa cheusi, na mvua za kwanza zilipoanza wakakikata, na cha kando yake. Mfermo alisema angalau haukuwa mguu. Neno lile "angalau" nilikaa nalo wiki nyingi, nikilala, nikinenepa tena kidogo kidogo, nikifikiri: sasa ni basi. Sitapanda tena kitu.

Siku moja Papa Nsimire alirudi kutoka kazini akakaa mlangoni na nyundo. Alizichukua ndala zangu, akang'oa misumari yote, akaanza kuzishona kwa sindano kubwa ya magunia na uzi wa kushonea turubai. Zilimchukua siku tatu, maana mpira ni mgumu. Alipomaliza aliingiza mkono wake ndani ya kila moja, akapapasa pole pole, kila sehemu, mara mbili. Akaziweka mbele ya miguu yangu.

"Kila asubuhi utanipa nipapase kwanza," alisema. "Kisha njo uvae."

Hakusema nitembee. Lakini alinipa ndala.

Karibu na Noeli ujumbe ulikuja kutoka kilimani. Mwaka ulikuwa unatimia, kilio kitaondolewa, misa itasomwa, Papa Nsimire aje. Papa Nsimire. Mimi sikutajwa. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mara mbili tulikuwa tumeomba watuletee mtoto tumwone, mara mbili walijibu njia ni mbaya, mtoto anakohoa. Mimi nilijua sababu, au nilidhani ninaijua: wanamwonea haya bibi mnene aliyekula mahindi huku mwanawe akifukiwa. Watu wa soko lile walikuwa wameniona. Habari hupanda mlima upesi kuliko miguu.

"Nitaenda," nilimwambia mume wangu.

"Uko na vidole munane."

"Nitaenda na hivyo munane."

Gari lilitushusha pale pale. Mahindi mabichi yalikuwa yamerudi, na mwanamke yule na moto wake. Alinitazama, akatazama tena.

"Maman, si wewe ule wa mwaka jana? Mwili iko wapi?"

"Nimeushusha kidogo."

"Mahindi iko."

"Leo hapana. Aksanti kwa kiti."

Mkaratusi wa kwanza. Wa pili. Kwenye wa tatu nilisimama nikaushika, Papa Nsimire akasimama nami, tukaendelea. Nilikwenda kama ng'ombe, kwa pembeni. Mguu uliokatwa vidole unakosa pa kushika ukipanda. Unateleza kwa nje, na kila hatua kifundo kinalia. Pumzi ilikuwepo, haikuwa nyingi. Saa mbili za wengine zilikuwa kwangu saa tano. Watoto na wazee walitupita wakitusalimia, na safari hii niliwaitikia wote. Mara kwa mara Papa Nsimire alinivua ndala akapapasa ndani, akanivisha.

Mama Byamungu alikuwa uani na kina mama wengine, wanamenya viazi. Aliponiona alisimama, kisu mkononi, asinijue. Kisha akanijua kwa macho. Alikitupa kisu, akapiga magoti mbele yangu juu ya maganda.

"Maman," alisema, "kama uko na neno juu yetu, useme leo. Useme mbele ya batu bote. Sisi tumechoka kungojea."

"Neno gani?"

"Ulikataa kutupa udongo. Uliketi chini ya mulima, batu balikuona, unakula, unatuachia maiti yetu. Mama haketi vile bure. Tulijua unasema: balimuchelewesha mutoto wangu. Bamemuua." Alikuwa analia. "Tulimuchelewesha, ndiyo. Kipoyi ilikuwa kwa batu bengine. Tulingoja. Mujukuu yako tumeogopa kumuleta kwako, usimulaani."

Nilimgeukia Papa Nsimire. "Balipokuuliza niko wapi, ulibajibu nini?"

Aliitazama migomba. "Nilisema umebaki."

"Basi?"

"Basi. Ningesema nini? Eti bibi yangu hawezi kupanda?"

Mwaka mzima. Nyumba mbili, kila moja imefunga mlango kwa hofu ya nyingine, kwa sababu mwanamume mmoja aliona haya kusema mkewe ni mzito, na mke aliona haya kubebwa. Nilimwinua Mama Byamungu, nikamwambia mbele ya wote: sikukataa, nilishindwa. Nilifika kwenye mkaratusi wa tatu. Nilinyanyua kikwembe nikawaonyesha mguu. Nikamwambia pia kwamba nilikula, ni kweli, nilikula mawili, na nilisikia nyimbo zao huku ninatafuna.

Aliinama, akakiokota kisu chake.

"Yalikuwa mabichi ao ya kukauka?" aliuliza.

"Mabichi."

"Ya mwezi ule yalikuwa mazuri," alisema. "Mi nilikula matatu siku ile. Nyuma ya jikoni. Sikumuambiaka mutu."

Tulikwenda kaburini sisi wawili. Liko nyuma ya migomba, msalaba wa mti, udongo umekaa chini. Upande wa kichwa palikuwa na chungu kilichovunjika mdomo, kimegeuzwa juu chini. Alikiinua. Chini yake kulikuwa na fungu dogo la udongo mkavu, mwekundu, wa siku ile. Mvua za mwaka hazikuligusa.

"Ni yako," alisema. "Kama ungekuja. Kama haungekuja, pia ni yako."

Niliuchota. Ulikuwa mwepesi kama unga. Nilimwambia Nsimire kwamba nimeiona nyumba yake, kwamba ni nzuri, kisha nikaufungua mkono.

Mtoto walinipa nimpakate. Alikuwa anaanza kusimama kwa kushika vitu. Alinitazama, akapiga kelele, akataka kurudi kwa bibi yake anayemjua. Nilimrudisha. Ana haki.

Kushuka ni kubaya kuliko kupanda. Waambieni hilo wanaoanza. Magoti yangu yalivimba juma zima. Kwenye kioo ilikuwa majani, na mpaka leo ninapoandika ni majani. Bluu sijaiona. Sukari haijaondoka, vidole havitarudi, na ngozi bado inaning'inia. Usiku miguu inawaka. Kule kilimani ninakwenda kila kiangazi, na mtoto sasa ananijua.

Asubuhi niliyoweza kutoka tena, magoti yalipopoa baada ya safari ile ya kwanza, nilimkuta Mama Cibalonza makutanoni, na gunia lake. Nilikuwa nimeacha kitunga nyumbani. Alitazama mikono yangu mitupu.

"Ulifika ku kaburi?"

"Nilifika."

"Ukashusha?"

"Kidogo."

Alisogeza kamba juu ya paji la uso, akaugeukia mlima.

"Bon," alisema. "Ile yenye kubakia, tupande nayo."